Mwaka Niliokaa kwa Argia

Habari ya kifo cha Livio ilinikuta sokoni Gakoromone, nikiwa nimeshika mkungu mdogo wa ndizi za kupika na kuugeuza nione kama umebabuliwa na jua. Nilikuwa nimekuja Meru kumtembelea binti yangu Wanja, aliyeolewa huku, naye alikuwa amenileta sokoni tununue vitu vya kurudi navyo Manyatta. Simu ikalia ndani ya kikapu, ujumbe umeingia. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani kwake, kwa hivyo nikampa asome. Akasema, "Mama, hii si Kiswahili wala Kiingereza." Nikamwambia aisome tu jinsi ilivyoandikwa, kama anayesoma Kiswahili. Akaisoma pale katikati ya wanawake waliokuwa wakiita wateja, polepole, bila kujua anachosema, na maneno yakatoka sawasawa, kwa sababu lugha ya Waitaliano husomwa karibu kama yetu. Hivyo ndivyo mtoto wangu mwenyewe alivyoniambia, kwa lugha asiyoijua, kwamba Livio amefariki, na kwamba aliyeandika ni bintiye, Chiara. Nikaurudisha ule mkungu mahali pake. Wanja akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikasema ndiyo, ni mbaya, lakini tumalize kununua.

Nimezika watu wengi na najua jinsi ya kufanya. Mtu akifa huku kwetu hawakuachi peke yako hata ukitaka. Wanakuja na sukari na majani ya chai, wanakalia viti vya kukodi, wanaimba, na wewe unasukumwa mbele na kazi ya kuwapikia mpaka unajikuta umevuka. Lakini Livio hakuna aliyemjua. Nilirudi Manyatta nikachuma kahawa yangu kama kawaida, na jioni nikakaa jikoni bila kuwasha redio. Siku ya tatu jirani yangu, Mama Njeru, akaja na chupa ya chai kwapani, akaketi bila kukaribishwa. Akasema moshi wangu umekuwa mdogo sana siku hizi, na kwamba mtu anayejipikia chai ya kikombe kimoja huwa ana jambo. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza ni nani. Nikasema ni mtu wa mbali, Mzungu, mwana wa mama mmoja niliyemtunza mwaka mmoja nikiwa msichana. Mama Njeru akamimina chai vikombe viwili, akasema, "Basi nieleze, kwa sababu siwezi kumlilia mtu nisiyemjua." Nilimweleza jioni ile na nyingine mbili. Haya ni yale niliyomweleza, isipokuwa hapa nimeyapanga vizuri zaidi, kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza akiuliza kama kweli walikula konokono. Walikula.

Livio alikuwa fundi wa mawe. Alikuja kwetu Mbeere, upande wa chini ambako ni kukavu, kujenga matangi ya maji akishirikiana na misheni, na mimi nilikuwa mpishi katika jiko la misheni hiyo. Shule niliiacha darasa la saba. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji, anayekula chochote na kusema asante kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Alikaa miaka miwili akarudi kwao. Muda mfupi baadaye mama yake akaanguka akavunjika nyonga, akakataa kuhamia mjini kwa wanawe, na Livio akamwandikia padre akiuliza kama yule msichana wa jikoni, Rwamba, angekubali kwenda kumsaidia kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu nilifika katika bonde lile mwezi wa pili, nikiwa na koti la kuazima na viatu vya kanisani, na theluji ikiwa imefika magotini.

Kijiji kiliitwa Montecerro. Kilikaa juu ya ukingo wa mlima kama kundi la mbuzi waliokimbilia mwamba, nyumba zote za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, paa zikiwa mabamba ya mawe pia. Livio aliniambia tukipanda kwamba nyumba zile zilijengwa zama za kati, wakati mabwana wa bonde walipokuwa wakipigana wao kwa wao, na watu wakaona afadhali kujenga juu kunakochosha adui. Chini kulikuwa na daraja la tao moja, limebenuka mgongoni kama ngamia, na kutoka darajani njia ya mawe iliyokuwa imechimbika mashimo ya kwato za nyumbu waliobeba chumvi na nafaka kwa mamia ya miaka. Niliweka mguu wangu ndani ya shimo moja na likanitosha. Nilikuwa nimefikiri Ulaya yote ni taa na magari. Kumbe pia ni mahali pa kubeba kuni mgongoni, na hilo nilikuwa nalijua.

Wakati wa baridi watu waliolala Montecerro walikuwa wawili tu: Argia, mama yake Livio, na mzee mmoja mwindaji aitwaye Secondo, aliyekaa upande wa pili na mbwa wake. Wengine wote walikuwa wamehamia mjini bondeni na kufunga madirisha. Nyumba ya Argia ilikuwa na jiko chini na vyumba viwili juu. Chumba changu kilikuwa juu ya meko, na mbao za sakafu zilikuwa zimeachiwa nafasi makusudi ili joto lipande. Harufu ya moshi ilipanda pia, na ya supu, na maneno. Nimelala vyumba vingi tangu hapo, vingine vyenye simiti nzuri, lakini sijapata kingine kilichonifanya nijue kila kitu kilichopikwa na kila kitu kilichosemwa. Argia mwenyewe alikuwa mdogo, amevaa nguo nyeusi za mjane, na mfukoni mwa aproni alibeba ufunguo wa chuma mrefu kama kiganja changu. Ulikuwa wa kanisa dogo la pale juu. Mama mkwe wake ndiye aliyempa, naye alipewa na mwingine kabla yake. Siku ya kwanza alinitazama mikono kabla ya uso, akasema jambo kwa Livio, na Livio akacheka akanitafsiria: mama anasema hii ni mikono ya kazi, basi mengine tutazoeana.

Tulizoeana kwa chakula. Jioni ya pili alipika unga wa mahindi, akaumwaga juu ya ubao kama uji mzito, na mimi nikacheka kwa furaha kwa sababu niliona ni ugali ulioshindwa. Kesho yake nikapika mimi, ukasimama. Argia akaukata kwa uzi, akautafuna, akasema kwamba ingekuwa heri mumewe angekuwa nao alipokuwa akijenga banda la kondoo. Nilipompikia mahindi na maharagwe pamoja, aliuliza ni toba ya mtakatifu gani. Lakini alikula, na akaomba tena siku ya Ijumaa. Nilimwita cucu, kama nilivyomwita bibi yangu, na baada ya mwezi mmoja alikuwa akijiita hivyo mwenyewe, akimwambia Secondo mlangoni, "Cucu hana nafasi, rudi kesho." Nilimwinua asubuhi na jioni, nikamwosha, nikamsugua nyonga kwa mafuta, na nilipokuwa nikimwinua aliimba taratibu ili asilie.

Kanisa lilikuwa dogo kuliko jiko la misheni yetu. Mara ya kwanza aliyonifungulia niliona giza tu. Kisha macho yakazoea, na watu wakatoka ukutani. Waliochora walikuwa wamefariki zaidi ya miaka mia sita iliyopita, alisema, na hakuna aliyejua majina yao. Walichora miezi kumi na miwili, mmoja mmoja, kila mmoja na kazi yake, umezungushiwa mstari mwekundu. Mwezi wa kwanza mtu anaota moto na ameinua nguo ili miguu ipate joto. Wa pili anakata matawi. Wa saba mwanamke ameinama anavuna, na mwingine anamletea maji katika kibuyu, ndiyo, kibuyu, chenye kiuno kama vyetu. Wa kumi na moja mtu anapukutisha matunda ya mti kwa mti mrefu na nguruwe wanasubiri chini. Nilikuwa nimesoma kidogo tu, na historia niliyofundishwa ilikuwa ya wafalme na vita. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali watu walichukua rangi ya thamani wakamchora mwanamke anayevuna, katika nyumba ya Mungu, mahali ambapo ningetegemea malaika. Nilikaa kwenye benchi nikatazama. Argia akaniuliza kama kwetu tunafanya hivyo. Nikasema tunavuna hivyo, ila hatujichori. Akasema, "Basi tazama hawa, ni wenu pia." Mpaka leo nikiinama shambani najiona nikiwa na mstari mwekundu pembeni, kama wale.

Majira yalipogeuka bonde likajaa wanyama, na hapo ndipo upweke wangu ulipopungua. Kulikuwa na paa wadogo wa kahawia waliobweka kama mbwa, nguruwe mwitu waliolima bustani kwa pua, mbweha, bundi aliyekaa katika mnara uliobomoka. Mwezi wa sita bonde lote likawa na vimulimuli, wengi mpaka Argia akaniomba nimtoe nje na kiti chake akae kuwatazama. Lakini jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni asubuhi niliyokuta mwiba wa nungunungu njiani, mweupe na mweusi. Nungunungu ni mnyama wa kwetu. Kule Mbeere anakula mihogo yetu na tunamlaani. Sikujua wako Ulaya. Nikauokota nikakaa chini njiani nikalia kama mtoto. Secondo akanikuta, akadhani nimechomwa, akataka kunitazama mguu. Nilipomweleza akakuna kichwa, akasema kwamba mnyama huyo anakula viazi vyake, na kama ni ndugu yangu niongee naye.

Mwezi wa nane watu wa mjini walipanda na watoto na redio, kijiji kikawa na kelele na harufu ya nyama, na Argia akafungua kanisa kila siku na kuwakaripia waliogusa ukuta. Kisha wakashuka, madirisha yakafungwa moja moja, na tukabaki sisi watatu na mbwa. Tukaokota kastanya, tunda lao linalokaa ndani ya ganda la miiba, likiwa kama njugu kubwa ya kahawia. Tulizikausha juu ya moshi tukazisaga unga. Ilikuwa kazi nzuri. Katika kazi hiyo, siku nilipokuwa msituni na kikapu, Argia alikwenda peke yake kanisani kupangusa vumbi na akateleza kwenye kizingiti. Hakuvunjika, lakini nilimkuta sakafuni, amejifunika aproni, akiwatazama watu wa ukutani kwa utulivu kama mtu aliyekaa nao kwa hiari. Aliniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia sitasema uongo nikiulizwa. Bruna, binti yake, aliuliza Jumapili iliyofuata, alipoona mkono wa mama ulivyovilia damu, nami nikamwambia.

Bruna alifanya kazi katika ofisi ya posta mjini na hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu Mama Njeru alianza kumchukia mara moja. Baada ya chakula mimi nilipanda kupumzika, Argia akasinzia chumbani kwake, na Bruna na Livio wakabaki mezani chini yangu. Joto likapanda na maneno yakapanda. Bruna alisema kwamba theluji ikifunga barabara, mama akianguka tena, tutamkuta amekufa na yule msichana analia kando yake. Alisema kuna chumba kizuri kwenye nyumba ya wazee mjini, chenye dirisha. Livio akasema mama atakufa kwa huzuni. Bruna akasema watu hawafi kwa huzuni, wanakufa kwa nyonga. Mwishowe Livio akasema, basi, kabla ya theluji, na ufunguo wa kanisa tutampa paroko. Nililala nikitazama dari. Nakiri kwamba nilijifikiria mimi pia: mama akishushwa, mimi narudishwa nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Lakini kilichonibana kifua kilikuwa kingine. Argia alikuwa ameniambia mara nyingi, akinionyesha kitanda chake, kwamba amezalia pale watoto wake na hana haja kubwa katika maisha ila kufia pale. Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayekuambia atavaa nguo gani Jumapili.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja wawindaji walipanda kutoka bondeni, kundi zima, na Livio akiwa miongoni mwao. Nilikuwa nafagia majani katika uwanja wa kanisa, ambao umezungushiwa ukuta unaofika kifuani wenye mlango mwembamba. Nikasikia mbwa, na kabla sijageuka paa mmoja akaruka ukuta akaanguka ndani, akasimama pembeni, mbavu zikipanda na kushuka. Sikufikiri. Nilifunga mlango nikasimama mbele yake na ufagio wangu. Wale wanaume wakafika wamekumbatia bunduki. Secondo akaniambia nitoke. Nikasema hapana, ameshaingia.

Lazima nieleze, kama nilivyomweleza Mama Njeru, ingawa yeye alijua. Kwetu Mbeere kuna vichaka vya zamani ambavyo wazee waliviacha, tunakiita kimoja kirii. Hukati hata kijiti ndani yake. Na mnyama akikimbilia humo, au mtu, hata awe adui, hata awe na damu ya ndugu yako mikononi, humfuati. Unasubiri nje, au unarudi nyumbani. Atatoka mwenyewe akitaka. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijafundishwa Baba Yetu, na mimi mwaka ule wote, nikiona miti ya kale pale uwanjani, na ukuta, na ukimya, nilikuwa nimepachukulia kuwa kirii cha watu wale bila kumwuliza mtu. Lilikuwa kosa. Hawakuwa na sheria kama hiyo. Waliona msichana mweusi mwenye ufagio anayewanyima nyama yao.

Mmoja akasema pengine ni mnyama wa kafara na nimechelewa kumchinja. Wakacheka. Secondo akasema, "Mwacheni, huyu ni jamaa ya nungunungu." Mwingine akauliza kama naweza pia kuleta mvua. Nikamwambia mvua yenu inatosha. Hapo walicheka kwa namna nyingine, lakini bunduki bado zilikuwa mikononi, na yule paa bado alikuwa nyuma yangu. Kisha Argia akatokea na fimbo yake, bila koti, akauliza ni nini. Nikamweleza kwa Kiitaliano changu kibovu: kwetu, aliyeingia mahali pa Mungu hatolewi. Akafikiri. Akasema bibi yake alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya uwanja ule, kwamba zamani za maaskofu wenye panga mtu akigusa ule ukuta hakuna askari aliyeweza kumshika. Secondo akasema hizo ni zamani, Argia. Argia akamwambia na wewe pia ni wa zamani na bado tunakupa supu. Livio ndiye aliyefungua bunduki yake kwanza, akatoa risasi akazitia mfukoni. Wengine wakafanya hivyo mmoja mmoja, wakinung'unika. Walipofika kwenye daraja paa akaruka ukuta upande wa msitu akaondoka zake.

Wiki iliyofuata mawingu yakashuka yakawa ya kijivu kama chuma, na Livio na Bruna wakapanda na gari kumchukua mama. Nilikuwa nimeambiwa nifunge nguo zake. Nilizifunga. Bruna akabeba sanduku na godoro dogo garini, akarudi kumchukua mama jikoni, na mama hakuwepo. Tulimtafuta chumbani, bandani, kwa Secondo. Mimi nilijua aliko kabla hatujafika, na nilinyamaza. Alikuwa amekaa kwenye jiwe ndani ya uwanja wa kanisa, amevaa koti lake zuri, mikono juu ya fimbo, mlango umefungwa nyuma yake. Bruna akamwambia, mama, kuna baridi, toka. Argia akasema, "Nimeingia. Muulizeni Rwamba sheria ni ipi."

Bruna akanigeukia, na uso wake ninauona bado. Hakunitukana. Alianza kulia kwa hasira, akasema mimi nitarudi kwetu na yeye ndiye atakayepigiwa simu. Akamwambia kaka yake, "Akianguka tena nani atapanda huku na theluji hii? Sema. Nani?" Livio alikuwa ameweka kiganja juu ya ukuta. Kisha akanitazama mimi, si dada yake, akasema, "Kwenu nilizunguka."

Nilikuwa sijui habari hiyo. Alitueleza hapo hapo, akiwa amesimama. Alipokuwa akijenga tangi Mbeere alihitaji nguzo, na kulikuwa na kichaka chenye miti iliyonyooka vizuri karibu kabisa. Alipofika na shoka wazee wawili walikuwa wamekaa mbele yake kwenye njia, hawakusema kitu, walikaa tu. Padre akamwambia ana ruhusa ya serikali, akate. Lakini yeye alizunguka, akaenda mbali na mkokoteni kutafuta nguzo kwingine, na wazee wale baadaye wakamletea asali. "Kama niliweza kuwaheshimu wazee wa watu," alisema, "siwezi kumtoa mama yangu hapo kwa kumshika mkono." Kisha akamjibu Bruna swali lake. Alisema, "Mimi. Nitapanda mimi." Akaenda kwenye gari akalitoa lile godoro, akalirudisha ndani kichwani, kama mwanamke wa kwetu. Bruna alikaa na mama juu ya jiwe mpaka Argia aliposema sasa anasikia baridi na kuomba mkono wa kusimama.

Theluji ilikuja, na Livio alipanda. Nasema hivi kwa sababu ahadi za ukutani ni rahisi na barabara ile haikuwa rahisi. Alikuwa akisimamia mafundi katika kampuni mjini. Akaomba kazi ndogo zaidi, ya kukarabati kuta na paa za vijiji vya juu, ili asifungwe na ofisi. Mara nyingine aliacha gari darajani akapanda kwa miguu, akifika na barafu kwenye nyusi. Sisi tulikaa jikoni na unga wa kastanya na nyama ya kondoo iliyokaushwa, Argia akinifundisha kufuma soksi na kunisimulia juu ya watu waliolala chini ya majiwe ya kanisa. Sijawahi kuwa na baridi kubwa hivyo, wala amani kubwa hivyo. Mara moja tu, alfajiri, tulisikia mbwa mwitu upande wa pili wa bonde. Argia akashika mkono wangu akasema, "Sikiliza, wamerudi. Nilidhani nitakufa bila kuwasikia tena."

Mwaka wangu ulipokaribia kwisha Livio alihamia kabisa. Alileta kitanda chake na redio na akaniuliza, akiwa ameona haya, kama ningemfundisha kumwinua mama yake. Mwanamume aliyeinua mawe maisha yake yote aliogopa kumgusa mwanamke mwembamba. Nikamwonyesha: usimvute kwapani, utamwumiza, pitisha mkono chini ya mfupa wa bega, mwingine chini ya magoti, mlete kifuani kwako kwanza, ndipo usimame, na usiharakishe kusimama. Alijaribu na mimi nikiwa nimelala kitandani nikijifanya Argia, na Argia kwenye kiti akicheka mpaka akakohoa, akimwambia kwamba mimi ni mzito kuliko yeye na asizoee mambo mazuri. Kisha akajaribu naye. Alimleta kifuani, akangoja, akasimama. Argia aliweka kichwa chake kwenye bega la mwanawe, na hakuimba, kwa sababu hakuumia. Asubuhi iliyofuata nilishuka lile bonde.

Argia aliishi majira mengine mawili ya baridi pale juu, na alifia kitandani alikotaka. Livio aliniandikia. Yeye mwenyewe hakushuka tena. Alioa mwanamke aliyekubali kukaa mlimani, wakazaa Chiara, na akatunza lile kanisa mpaka mwaka huu.

Mama Njeru aliposikia yote akasema nimpigie simu yule binti wa Livio. Nikasema ni mbali, na Kiitaliano changu kimekufa. Akasema hakuna anayempa mtu pole kwa ufasaha. Akanisimamia hapo mpaka nikapiga. Chiara aliitika. Nilijitambulisha, na nilipotafuta maneno ya kusema pole, nikayapata machache tu, ya jikoni. Yeye akaongea. Alisema baba yake aliugua muda mrefu nyumbani, pale pale juu, na miezi ya mwisho hakuweza kusimama. Wauguzi walikuwa wakija na kumvuta kwapani, naye akakasirika, akamwita binti yake kando ya kitanda akamfundisha: mfupa wa bega, magoti, kifuani kwanza, usiharakishe. Akamwambia alifundishwa na Rwamba. Chiara alisema alimwinua hivyo kila asubuhi na kila jioni mpaka mwisho, na hakuumia.

Nilimwambia asante. Akasema hapana, asante ni yangu. Baada ya hapo hatukuwa na maneno mengine, yeye wala mimi, na hakuna aliyekata simu. Nilimsikia akipumua kule, na Mama Njeru akasogeza kiti chake karibu na changu, tukakaa.